Calais–Dover: bahari ni ileile, lakini safari si ileile tena

Tangu tarehe 12 mwezi wa kumi mwaka wa 2025, hatua kwa hatua, msafiri asiye raia wa Umoja wa Ulaya anayetoka Uingereza kwenda Ufaransa kwa meli anapashwa kupigwa picha ya uso na kutoa alama za vidole vinne mbele ya polisi wa Ufaransa. Polisi hao hawamngojei ng'ambo. Wako ndani ya bandari ya Dover, kwenye udongo wa Uingereza, na ni pale foleni inapoanzia.

Mtambo huo, unaojulikana kwa herufi tatu EES, ni badiliko la karibuni zaidi kwenye njia ambayo imebadilika sana tangu mwaka wa 2020. Bahari ya Manche haikupanuka. Mahali pake pembamba zaidi ni kilomita 33 hivi, kidogo kuliko nusu ya urefu wa ziwa Kivu, na meli inavuka kwa muda wa saa moja na nusu. Kilichobadilika ni nani anamiliki meli, nani anafanya kazi ndani yake, ni abiria gani wanapokelewa, na ni karatasi gani zinaombwa mbele ya kupanda.

Kwa familia za Kongo zilizogawanyika kati ya Bruxelles, Liège, Lille, Paris na London, jambo hili si habari ya mbali. Ndiyo njia ya matanga, ya ndoa, ya kwenda kumuona mama aliyelazwa hospitali. Zamani mtu alikata shauri siku ya tano jioni na siku ya posho asubuhi alikuwa amefika. Leo kuna wanaoweza bado kufanya vile, na kuna wasioweza, na tofauti kati yao iko katika rangi ya paspoti zaidi kuliko katika mfuko.

Kampuni tatu, njia moja

Kati ya Dover na Calais wanafanya kazi watu watatu: P&O Ferries, ambayo ni mali ya DP World ya Dubai; DFDS ya Danemark; na Irish Ferries ya Irlandi, iliyoingia kwenye njia hii mwezi wa sita mwaka wa 2021. DFDS peke yake inavusha pia kati ya Dover na Dunkerque, safari ya masaa mawili hivi. Chini ya bahari kuna tunel ya kilomita 50, iliyofunguliwa tarehe 6 mwezi wa tano mwaka wa 1994. Mule motokari na makamio vinapakiwa juu ya gari la moshi na kuvuka kwa dakika 35, na gari la abiria la Eurostar linapita kati ya London, Paris na Bruxelles.

Wengi walifikiri tunel itaua meli. Haikuziua zote, lakini iliua nyingi. Mwaka wa 1999 pigo la pili likafuata: Umoja wa Ulaya ulifuta uuzaji wa pombe na sigara bila kodi kati ya nchi zake. Watu wa kusini mwa Uingereza walikuwa wakivuka asubuhi, wananunua makatoni ya divai na sigara, na kurudi jioni. Faida ya duka ndani ya meli ndiyo ilikuwa inasaidia kushusha bei ya tiketi. Faida ilipoondoka, kampuni dhaifu zilianguka moja baada ya nyingine. Kampuni ya Kifaransa SeaFrance ilifungwa na mahakama mwanzoni mwa mwaka wa 2012. Wafanyakazi wake wakaunda koperative na kuendelea kwa jina la MyFerryLink, lakini nayo ilisimama mwaka wa 2015. Boulogne na Folkestone, miji iliyoishi kwa meli, haina tena meli ya abiria.

Brexit imerudisha ile biashara bila kodi tangu mwaka wa 2021, na kampuni hazikukawia kufungua tena maduka. Ni faida yao. Msafiri analipa upande mwingine, kwa masaa ya foleni.

Ubelgiji bila meli

Habari moja haizungumzwi sana, ingawa inawagusa Wakongomani kuliko nyingine: Ubelgiji haina tena meli ya abiria inayokwenda Uingereza.

Njia ya Ostende na Dover ilianzishwa na serikali ya Ubelgiji mwaka wa 1846, mbele hata Leopold wa Pili hajaota kuwa na koloni. Kwa karne moja na nusu meli za Leta zilibeba barua na watu. Mwaka wa 1994 zilihamishwa kutoka Dover hadi Ramsgate, na mwaka wa 1997 serikali ilifunga shirika lake. Kampuni ya kibinafsi, TransEuropa, iliendelea na Ostende–Ramsgate mpaka ilipofilisika mwezi wa ine mwaka wa 2013. Ilibaki meli ya usiku ya P&O kati ya Zeebrugge na Hull, kaskazini mwa Uingereza. Mtu wa Bruxelles aliyekuwa na ndugu Leeds, Sheffield au Manchester aliingiza motokari jioni, akalala, na asubuhi alikuwa karibu na nyumbani kwao. Tangu mwanzo wa mwaka wa 2021 njia hiyo pia imefungwa. Covid-19 ilikuwa imepunguza abiria, na kampuni ikaona hailipi.

Kwa hiyo kila familia ya Matonge yenye kutaka kuvuka na motokari inapashwa kushuka kwanza mpaka Dunkerque au Calais, katika nchi ya Ufaransa, na kujiunga na foleni ileile ya makamio ya Ulaya nzima. Kwa anayekwenda Hull, ni masaa mengi ya kuendesha upande wa Uingereza pia. Meli ya kutoka Rotterdam kwenda Hull bado iko, lakini ni njia ya usiku yenye chumba cha kulala cha kulipia, na bei yake si ya kila mtu.

Tarehe 17 mwezi wa tatu

Asubuhi ya tarehe 17 mwezi wa tatu mwaka wa 2022, P&O Ferries iliamuru meli zake zibaki bandarini. Kisha wafanyakazi 786 wakaambiwa, kwa njia ya video iliyorekodiwa mbele ya wakati, kwamba hiyo ndiyo siku yao ya mwisho ya kazi. Walinzi wa kibinafsi walipanda ndani ya meli ili kuwatoa. Nafasi zao zilichukuliwa na watu wa mashirika ya kukodisha wafanyakazi.

Siku saba baadaye mkubwa wa kampuni, Peter Hebblethwaite, alifika mbele ya wabunge wa Uingereza. Alikubali kwamba sheria ilimtaka azungumze kwanza na sendika, na kwamba kampuni ilichagua kutofanya hivyo. Alitaja pia mshahara wa wafanyakazi wapya: wastani wa pauni 5.50 kwa saa, wakati kiwango cha chini kabisa nchini kilikuwa pauni 8.91. Hilo liliwezekana sababu meli zilikuwa zimeandikishwa katika nchi nyingine, na bahari ya kimataifa ina sheria zake.

Wakaguzi wa serikali walizizuia meli kadhaa kwa sababu wafanyakazi wapya hawakuwa tayari. Kati ya Dover na Calais P&O haikubeba abiria kwa zaidi ya mwezi mmoja, na sikukuu ya Pasaka ikakuta njia yenye shughuli nyingi kuliko zote ikiwa na meli pungufu. Makamio yalipanga mstari wa kilomita na kilomita kwenye barabara za jimbo la Kent. Mwezi wa nane mwaka uleule, ofisi ya serikali iliyochunguza jambo hilo ilisema haitaanzisha mashtaka ya jinai. Kwa kifupi, aliyevunja sheria kwa kujua, na kulisema bungeni, hakuenda mahakama ya jinai.

Msomaji wa Goma, Bukavu au Uvira anaweza kuuliza inamhusu nini. Jibu liko katika jina la mwenye kampuni. Tarehe 31 mwezi wa kwanza mwaka wa 2022, wiki zisizofika saba mbele ya ile video, Rais Félix Tshisekedi alikuwa ameweka jiwe la msingi la bandari ya maji marefu ya Banana, huko Kongo-Kati. Mjenzi na mwendeshaji wa bandari hiyo ni DP World. Mwezi wa kumi mwaka wa 2023 kampuni ileile ilitia sahihi mkataba wa miaka 30 na serikali ya Tanzania juu ya sehemu ya bandari ya Dar es Salaam, mahali panapopita kontena nyingi za bidhaa zinazouzwa mashariki mwa Kongo na Katanga. Haimaanishi kwamba wafanyakazi wa Banana watatendewa kama wale wa Dover. Lakini wabunge wa Kinshasa wana haki, hata lazima, ya kusoma mkataba wa kazi kwa makini kama wanavyosoma mkataba wa gati, sababu mfano uko wazi.

Ulaya ilichelewa lakini ilitenda. Uingereza ilipitisha sheria mwezi wa tatu mwaka wa 2023, na ilianza kutumika tarehe 1 mwezi wa kumi na mbili mwaka wa 2024: meli inayofika bandari za Uingereza mara 120 au zaidi kwa mwaka inapashwa kulipa kiwango cha chini cha mshahara kwa masaa inayokuwa katika maji ya Uingereza. Ufaransa ilipitisha ya kwake mwezi wa saba mwaka wa 2023, yenye kugusa pia masaa ya kupumzika. Jambo la pili hilo linamhusu abiria moja kwa moja. Anayeongoza meli ya watu 1,500, akivuka na kurudi mara nyingi kwa siku katika mojawapo ya njia za bahari zenye msongamano mkubwa duniani, hafai kuwa amechoka.

Watu wa Zeebrugge hawahitaji kukumbushwa. Tarehe 6 mwezi wa tatu mwaka wa 1987, meli Herald of Free Enterprise iliondoka bandari yao ikienda Dover na mlango wa mbele wa motokari ukiwa wazi. Maji yaliingia, meli ikalala ubavu ndani ya dakika chache, watu 193 wakafa. Aliyepashwa kufunga mlango alikuwa amelala, na kapteni hakuwa na njia ya kujua kama umefungwa. Wengi wa abiria walikuwa watu wa kawaida waliopata tiketi ya pauni moja kupitia gazeti. Baada ya hapo ziliwekwa taa za kuonyesha hali ya mlango, kamera, na masharti ya kuhesabu abiria mbele ya kung'oa nanga. Ni vitu vya bei ndogo. Anayekumbuka meli Merdi, iliyozama karibu na Kituku tarehe 3 mwezi wa kumi mwaka wa 2024 ikitoka Minova na watu kupita kiasi, bila orodha ya kweli ya walio ndani, anaelewa hesabu hiyo ina maana gani kwa familia inayongoja ufukweni.

Polisi wa nchi moja katika bandari ya nyingine

Turudi Dover. Kufuatana na mapatano ya Le Touquet ya mwaka wa 2003, Uingereza inachunguza wasafiri wake ndani ya Calais, na Ufaransa inachunguza wake ndani ya Dover. Ukishapita pale, ukishuka ng'ambo unaendelea na njia yako. Wazo si baya. Mtu wa Goma anayepita Grande Barrière anajua uchovu wa kupanga mstari mara mbili, upande huu kisha upande ule.

Shida ni nafasi. Bandari ya Dover imebanwa kati ya bahari na mlima mweupe wa chokaa. Hakuna mahali pa kuongeza barabara. Mbele ya Brexit polisi walitazama tu kama uso unafanana na picha. Tangu tarehe 1 mwezi wa kwanza mwaka wa 2021 walianza kupiga muhuri kila paspoti ya Uingereza, sababu raia wa Uingereza hawezi tena kukaa zaidi ya siku 90 ndani ya siku 180. Kama kila motokari inaongezewa dakika moja, na motokari ni elfu nyingi kwa siku, hesabu inafanyika yenyewe.

Mwezi wa saba mwaka wa 2022, mwanzo wa likizo kubwa, bandari ilitangaza hali ya dharura, na viongozi wa Uingereza na wa Ufaransa wakarushiana lawama juu ya idadi ya polisi kwenye vibanda. Kabla ya Pasaka ya mwaka wa 2023 zamu ilikuwa ya mabasi: mengine yalilala usiku mzima kwenye foleni, yakiwa na wanafunzi waliokuwa wakienda Ulaya na walimu wao. Basi ni jambo gumu kuliko motokari, kwa kuwa watu 50 wanapashwa kushuka au kuchunguzwa mmoja mmoja.

Ndiyo maana EES iliogopwa kuliko muhuri. Mara ya kwanza mtu anaandikishwa: paspoti, uso, vidole. Watoto walio chini ya miaka 12 hawatoi vidole. Habari zinatunzwa miaka mitatu, na katika safari zinazofuata mtambo unapashwa kumtambua mtu kwa haraka zaidi. Huko Dover walianza na makamio na mabasi. Motokari za watalii, ambazo ndizo nyingi, ziliachwa kwa baadaye, kisha zikaahirishwa tena. Umoja wa Ulaya ulijipa hadi tarehe 10 mwezi wa ine mwaka wa 2026 ili mipaka yote iwe imeingia. Tahadhari hiyo ilikuwa ya busara. Likizo ya kiangazi ndiyo mtihani wa kweli wa bandari hii, haiwezi kuwa juma moja la mwezi wa kumi na moja.

Karatasi ya nani?

Hapa ndipo Wakongomani wa nyumba moja wanapoachana njia, hata kama wamepanda motokari moja.

Mwenye paspoti ya Ubelgiji au ya Ufaransa hagusi EES, sababu yeye ni raia wa Umoja. Lakini kadi yake ya utambulisho haitoshi tena: tangu tarehe 1 mwezi wa kumi mwaka wa 2021 Uingereza inataka paspoti. Na tangu tarehe 2 mwezi wa ine mwaka wa 2025 inataka pia ruhusa ya kusafiri inayoombwa kwa simu, ETA, iliyoanza kwa pauni 10 na siku saba baadaye ikapandishwa hadi 16. Kila mtu ana yake, hata mtoto mchanga. Kwa bei hiyo ya mwaka wa 2025, familia ya watu sita ililipa karibu pauni 100 mbele ya kununua tiketi. Ruhusa inadumu miaka miwili, na hiyo inasaidia wenye kwenda mara kwa mara.

Mwenye paspoti ya Uingereza haombi viza ya Ulaya, lakini EES inamngojea.

Mwenye paspoti ya Kongo anayeishi Ubelgiji na kadi halali ya ukaaji haandikishwi katika EES. Wengi wanasikia habari hiyo na kufikiri mambo yao yamekuwa mepesi. Si kweli. Kadi ya Ubelgiji haimfungulii Uingereza hata kidogo. Anahitaji viza ya Uingereza, iliyopandishwa hadi pauni 127 mwezi wa ine mwaka wa 2025, na kwa kawaida jibu linachukua wiki tatu. Ndugu akifa London siku ya kwanza, akazikwa juma linalofuata, viza itatoka matanga yamekwisha.

Na mwenye paspoti ya Kongo anayeishi Uingereza yuko katika hali ngumu kuliko wote kwenye meli hii. Anahitaji viza ya Schengen, euro 90 tangu mwezi wa sita mwaka wa 2024, na EES pia. Akipewa viza ya kuingia mara moja tu, safari ya kesho kutwa itaanza upya kwenye ofisi. Viza, kwa mmoja au kwa mwingine, mara nyingi inapita bei ya kiti cha basi kati ya London na Bruxelles. Bei ya meli si ndiyo kizuizi tena.

Kuna mlango mmoja mdogo ulifunguliwa, na wazazi wengi hawaujui. Baada ya Brexit, shule za Ufaransa zilipunguza sana safari za Uingereza, sababu darasa moja lilikuwa na watoto wa paspoti mbalimbali, na mtoto mmoja akikosa viza mwalimu alivunja safari yote au alimwacha nyumbani. Tangu mwisho wa mwaka wa 2023, kwa mapatano ya serikali mbili, wanafunzi wa shule za Ufaransa wanaosafiri kwa kundi wanaweza kuingia Uingereza na kadi ya utambulisho, na wale wasio raia wa Ulaya wameondolewa viza kwa safari hiyo. Mtoto Mkongomani wa Lille anaweza kwenda kuona London na darasa lake, wakati baba yake hawezi.

Kwa wasio na karatasi yoyote, meli haiko kabisa. Kampuni inatozwa faini ikibeba mtu asiye na ruhusa, na dereva wa kamio pia. Mwaka wa 2024 watu 36,816 walivuka kwa mashua ndogo za mpira, wakilipa wafanya magendo pesa nyingi kuliko tiketi ya motokari yenye watu wanne. Tarehe 24 mwezi wa kumi na moja mwaka wa 2021 mashua moja ya namna hiyo ilizama na watu wasiopungua 27 wakafa, katika maji ambamo meli kubwa zinapita usiku na mchana.

Mtembea kwa miguu hana bahati

Badiliko lingine limeingia kimyakimya. Zamani maskini, mwanafunzi, mzee asiye na motokari, alifika Calais kwa gari la moshi, akanunua tiketi ya mtu mmoja, akapanda meli na sanduku lake mkononi. Wakati wa Covid-19 kampuni zilisimamisha abiria wa namna hiyo, na waliporudi hawakurudi kama mbele. Safari zinazowachukua ni chache, zina masaa yake, na inapashwa kuandikisha mbele. Kati ya Dover na Dunkerque hawapokelewi kabisa.

Sababu ni ya biashara. Mtu wa miguu anahitaji basi la kumpeleka kutoka kituo hadi melini, chumba cha kungojea, na wachunguzi wake peke yake, na analipa kidogo. Kamio moja linaleta zaidi ya watu wengi wa miguu. Eurostar nayo, tangu mwaka wa 2020, haisimami tena Ashford wala Ebbsfleet, vituo viwili vya Kent, wala Calais-Fréthun upande wa Ufaransa. Hivyo mkaaji wa Dover asiye na motokari, anayeona Ufaransa kwa macho yake siku ya jua, anaweza kulazimika kupanda kwanza London ili ashuke Lille.

Njia moja inaonyesha kwamba mambo yanaweza kwenda namna nyingine. Kati ya Newhaven na Dieppe, masaa manne ya bahari, meli inaendelea kuwachukua wenye miguu na wenye baiskeli. Lakini njia hiyo haiishi kwa tiketi peke yake: jimbo la Seine-Maritime linaweka pesa ya watu wake, na DFDS inaendesha kwa mkataba. Huko magharibi, Brittany Ferries ilizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa sababu wakulima wa Bretagne, wakiongozwa na Alexis Gourvennec, walitaka kuuza maua ya kabichi na artisho Uingereza na hakuna kampuni iliyokubali kuwavushia. Walinunua meli wao wenyewe. Mpaka leo wakulima ndio msingi wa kampuni.

Visiwa vya Jersey na Guernsey vilichagua mwishoni mwa mwaka wa 2024 kutokuwa tena na kampuni moja: Guernsey ilichukua Brittany Ferries, Jersey ikachukua DFDS, tangu mwezi wa tatu mwaka wa 2025. Kila kisiwa kilitetea faida yake kwa bandari za Ufaransa na Uingereza. Safari za kutoka kisiwa kimoja kwenda kingine, ambazo zilikuwa rahisi kampuni ilipokuwa moja, ndizo zilizoumia kwanza.

Kuhusu bei, msukumo mmoja bado unapanda. Tangu mwaka wa 2024 Umoja wa Ulaya unazitoza meli kubwa juu ya moshi wa kaboni: asilimia 40 ya moshi wa mwaka huo, 70 ya mwaka wa 2025, na yote tangu 2026. Kwa safari ya kwenda nchi iliyo nje ya Umoja, kama Uingereza, inahesabiwa nusu. Kampuni zinaingiza gharama hiyo ndani ya tiketi. P&O ilileta meli mbili mpya kutoka China, Pioneer na Liberté, zenye betri na mafuta, zenye vichwa viwili ili zisigeuke bandarini. Ni kubwa kuliko zilizotangulia, lakini ni chache kuliko zilizoondolewa, na motokari inayokosa nafasi katika meli moja inangojea muda mrefu zaidi ifuatayo.

Anayepanga safari katika miezi ijayo anapashwa kukumbuka kwamba tiketi haina bei moja: siku ya posho ya mwezi wa saba inaweza kupita mara kadhaa usiku wa siku ya pili mwezi wa pili. Na wenye mabasi wanarudia onyo ambalo watu wengi wanalisoma wakiwa tayari Calais. Abiria anayerudishwa na polisi wa Uingereza kwa kukosa viza anashushwa pale pale na mizigo yake, basi linaendelea, na pesa ya tiketi hairudishwi.